Vitunguu vya Merle Haddrick

Jirani yangu Dulcie alininong'oneza kwamba Merle Haddrick anahama mji wetu wa Warrabeen kwa aibu ya kushindwa ubunge. Siku ya kura Dulcie alimwona akilia pale shuleni tulipopigia kura, kwenye jiko la soseji wanazouziwa wapiga kura. Niliumia, ingawa sikumpigia kura. Merle alianza kwa kunyoa kondoo, akawa mbunge wa wahafidhina katika bunge la Australia huko Canberra kwa miaka kumi na minane, akapigania zahanati yetu isifungwe, ile niliyojifungulia Tilly.

Jumamosi alisimama langoni kwangu.

"Mama Tilly, eti nahama?"

"Dulcie alikuona ukilia."

Akacheka. "Nilikuwa nakata vitunguu vya soseji, jamani. Mwezi ujao nagombea udiwani. Kura yako mpe umtakaye, lakini siku hiyo vitunguu nikatie wewe, wasije wakasema nimelia kabla hawajahesabu."