Siku Niliyosema Mama Minji Amesafiri

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya Julai ambayo hainitoki kichwani. Nilisimama kwenye geti la nyumba moja hapa hapa mtaa wa Overport, mikono imejaa pilipili nyekundu mpaka viwikoni, nikamdanganya bibi kizee mchana kweupe. Nilimdanganya kwa adabu na sauti tamu, nikajiona mtoto niliyelelewa vizuri. Nusura uongo ule umtoe mtu duniani.

Nakusimulia leo kwa sababu jana wanawake wenzetu walipokuuliza habari za yule binti mnayekaa naye chumba kimoja, nilikusikia ukijibu, "Yuko sharp, mzima kabisa, anasoma tu." Nami najua, maana uliniambia mwenyewe jikoni kwangu, kwamba mtoto wa watu hajatoka kitandani hii wiki ya pili. Usinikunjie uso, sikugombezi. Nami nilikuwa kama wewe, tena nilikuwa fundi kukuzidi.

Nilikuja Durban kutoka Kigoma nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikapata kazi kwenye duka la nywele za bandia karibu na soko la Warwick Junction. Wenye duka walikuwa Wakorea, mke na mume. Mume alikuwa mtu wa safari, leo Johannesburg, kesho kwao Korea, kwa hiyo dukani nilikuwa na mke. Binti yao aliitwa Minji, na Wakorea wenzake walimwita yule mama kwa jina la mtoto, kama sisi tunavyofanya. Basi nami nikamwita Mama Minji, wala hakuna aliyenifundisha. Nilifurahi mno kukuta watu wa mbali vile wana desturi yetu.

Minji alikuwa anasomea udaktari Cape Town, na Wakorea wote wa mji huu walijua. Walikuwa wachache, na walikutana kanisani kwao kila Jumapili. Pale walisali, wakala pamoja, wakasaidiana mtu akifiwa. Pale pale walipimana pia: mtoto wa nani kafaulu, wa nani kaolewa. Mwaka ule Minji aliacha masomo. Hakufukuzwa, alichoka tu, akasema hawezi tena. Mama yake aliniambia mimi peke yangu, tena kwa kunong'ona, akaniomba nisimwambie mtu. Hata mume hakuambiwa. Kanisani akaacha kwenda, kwa kuogopa kuulizwa.

Nikaapa. Kwetu kumsitiri mtu ni ibada, nami ibada hiyo niliishika kwa mikono miwili. Wanawake wa kanisani wakipiga simu dukani, nasema ana mafua, ametoka sasa hivi, ana wageni. Waliomwona dukani wakiuliza mbona amekonda, nasema anafunga. Nilimfungisha Mkristo wa watu miezi minne, Mungu anisamehe.

Na yeye anazidi kudhoofika mbele ya macho yangu. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha kaunta anajipiga ngumi kifuani polepole, anasema panawaka. Aliniambia kwao ugonjwa huo una jina, ugonjwa wa moto, unawapata hasa wanawake waliomeza uchungu miaka mingi. Daktari alimpima moyo, akasema moyo ni mzima. Nani angemweleza hayo mengine? Kiingereza cha Mama Minji kilikuwa cha dukani, na miaka yote aliyemtafsiria kwa daktari alikuwa Minji. Mimi nikasema alhamdulillahi, si kitu.

Sasa Wakorea wana jambo lao la kila mwaka baridi ikiingia. Wanawake hukusanyika nyumba moja kutengeneza kimchi, yaani kabichi ya chumvi na pilipili, ya kula miezi na miezi. Kwetu hapa walilifanya Julai, na kila mwaka lilikuwa kwa Mama Minji. Mwaka ule hakualika mtu, lakini alinituma sokoni kununua kabichi sitini zile zile. Muuzaji wetu pale Warwick, Furaha, mwanamke wa Bukavu, aling'ang'ania gunia.

"Dada, bale bamama ba kila mwaka beko wapi?"

"Wana shughuli."

"Eish! Kabichi sitini, na bantu babili? Mama yako iko na kitu mu roho. Umuulize."

Nikamwambia auze kabichi, aache kuuza maneno.

Jumamosi hiyo tulikaa chini kwenye veranda ya nyuma, beseni katikati yetu, tunapaka pilipili jani kwa jani. Mama Minji alikuwa mtulivu kuliko miezi yote. Hakujipiga kifua hata mara moja. Alikuwa ameandika majina kwenye karatasi na kuyabandika kwenye ndoo: ya mume, ya Minji, za wanawake wa kanisani mmoja mmoja, na moja yangu, kwa herufi kubwa, ZAINABU. Nikamwuliza mbona mwaka huu tuna majina.

"Kila mtu ajue yake," akasema.

Nikamwambia asante. Nilifurahi, mwanangu. Nilidhani amepona.

Mara geti likagongwa. Alikuwa Halmoni, maana yake bibi, ndivyo sote tulivyomwita mzee mmoja wa kanisa lao. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja mwezi ule, na mara mbili nilikwisha kumrudisha. Mama Minji akanitikisia kichwa, nisimfungulie. Nikaenda.

"Mama Minji amesafiri, Halmoni. Yuko Johannesburg kwa mumewe."

Aliangalia mikono yangu, akapanda nayo mpaka viwikoni.

"Wewe Mkorea?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Hapana, Halmoni."

"Kimchi anatengeneza nani?"

Mimi, Zainabu wa Kigoma, mwenye jibu la kila swali, nikanyoosha mkono kuziba geti. Akapita chini ya mkono wangu, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Alipofika alisimama kwenye zile ndoo, akasoma majina. Mimi nilikuwa nayo tangu asubuhi sikuona kitu. Yeye nilimwona akibadilika rangi. Lakini hakupiga kelele, wala hakuuliza habari za Minji. Alivua viatu, akakaa chini, akavaa glavu, akavuta kabichi moja. Tukapaka pilipili, sote watatu. Kisha akamwuliza lile swali ambalo Wakorea huulizana kama sisi tunavyoulizana habari za asubuhi: umekula?

Mama Minji alisema hajala tangu Alhamisi, na kwamba amechoka kuishi. Maneno hayo nilitafsiriwa baadaye. Kilio nilikisikia mwenyewe.

Halmoni alimkumbatia na pilipili zake. Akafungua mkoba, akatoa chupa ya vitamini, akaiweka kati ya kabichi. Haikuwa na vitamini. Zilikuwa dawa za daktari wa akili, alizomeza miaka tisa tangu azike mumewe huku ugenini, akizificha wenzake wa kanisani wasijue. Mama Minji ndiye mtu wa kwanza kuonyeshwa.

Jioni Halmoni alinivuta pembeni. Nilijiandaa kutukanwa.

"Habari ya Minji, funga mdomo. Vizuri," akasema. "Mtu anaumwa, fungua geti."

Basi. Sijapata kukemewa vikali kuliko hivyo. Akalala pale siku nne. Jumatatu walikwenda kwa daktari na mwanamke wa kuwatafsiria, Minji akaja kwa basi, na baba mtu akaambiwa kila kitu. Haikuwa rahisi. Dawa zilichukua miezi, na kanisani wapo waliosema. Lakini wapo pia waliokuja mmoja mmoja kwenye veranda ile, kila mmoja na moto wake. Minji hakurudi kwenye udaktari. Anafundisha watoto Pinetown, na mama yake humtaja kwa madaha.

Miaka ikapita, siku moja tunakunywa chai, nikamwuliza Mama Minji ya zile ndoo. Akasema, "Nilikuwa ninawaaga." Alikuwa ananiaga, mwanangu, nami nilimwambia asante.

Kwa hiyo nisikilize. Aliyokwambia rafiki yako kwa siri, ya nyumbani kwao na ya shuleni, yabaki kifuani mwako. Lakini kwamba haamki, haogi, hali, hilo usilifunike. Mwambie mama yake, mwambie daktari, niambie mimi. Akikukasirikia, mwache akukasirikie, ilimradi yupo. Na siku ikiwa zamu yako, usijibu "niko poa" kwa mazoea ya mdomo. Nijibu ukweli, nitakaa chini nawe.

Julai hii tutakuwa wanawake kumi na wawili kwa Mama Minji, na ndoo hazina majina. Njoo naye. Sasa vaa viatu, chukua hicho chakula kwenye sufuria, nenda ukamwulize kama amekula, na usiondoke mpaka akujibu kweli. Mwenyezi Mungu akutangulie mlangoni, akulainishie ulimi, na asikukutanishe na asante kama ile yangu.