Saini ya Wifi

Mwalimu wa kompyuta alikuwa mtu ambaye hata chaki ya shule hakuwahi kuipeleka nyumbani. Chumba chake cha kufundishia kilikuwa na kompyuta kumi na moja, saba zikiwa nzima, na feni iliyolia kama inadai likizo. Humo ndimo, kila Jumamosi kwa miaka mitatu, yeye na wifi yake walimoandika programu ya kuzisaidia zahanati ndogo kujua dawa zipi zinakaribia kuisha muda wake. Waliiacha iwe programu huria: anayeitaka aichukue bure, aone ilivyoandikwa, aibadilishe apendavyo.

Wifi huyo, dada wa mume wake, alikuwa mtoa dawa kwenye zahanati. Kompyuta alijifunza ukubwani, lakini alikuwa na kichwa chepesi. Walimu wengine hawakuchoka kutania: "Mwalimu, mbona mtandao hamna? Wifi hajaja leo?"

Siku moja wakasikia kuna mfuko unaofadhili programu za aina hiyo. Mwalimu akajifunga kibwebwe. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne, na viambatisho juu yake: cheti cha usajili, barua ya mkuu wa shule, maelezo ya leseni, mpango wa kazi wa mwaka mzima. Wiki mbili nzima alikimbizana na mihuri. Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, akadhani amemaliza, kumbe kipengele cha saba alikiruka. "Taja kila aliyeshiriki kuandika programu, na uambatishe idhini yenye saini yake." Maombi yalikuwa yanafungwa saa nane mchana.

Wifi alikuwa hospitali akimuuguza mama mkwe wa Mwalimu, na simu yake ilikuwa imezimwa. Kutoka shuleni hadi wodini ni dakika ishirini kwa miguu. Mwalimu alichukua mkoba, akafika mlangoni, akasimama. Hapo likamjia wazo ambalo baadaye alishindwa kusema lililetwa na haraka: kwamba fomu yenye jina moja, jina lake, ingependeza zaidi. Akarudi kwenye kiti. Akaandika, "Nimeiandika peke yangu," akatuma.

Miezi miwili baadaye jibu likaja: maombi yamekubaliwa. Wifi alikuja mbio na sare yake ya kazini, akamkumbatia mpaka miwani ikamdondoka.

"Wifi yangu, tumepata! Hebu nipe nakala ya fomu nikamwonyeshe mama. Jina langu uliliandika sawasawa? Maana kila ofisi wananikosea."

"Printa imegoma," Mwalimu akajibu, akiinama kuokota miwani. "Wiki ijayo nitakupa."

Wiki ijayo ikawa wiki nyingine. Chakula kikawa hakipiti. Mume wake akimuuliza anaumwa nini, anasema amechoka tu. Mchana mmoja, akitayarisha somo, akafungua kumbukumbu za programu, zile zinazoonyesha nani aliandika mstari gani. Sehemu yote ya tarehe, ambayo ndiyo moyo wa programu, ilikuwa ya wifi. Pembeni wifi aliacha maelezo: "Nimejaribu kwa maboksi mia mbili ya zahanati. Naomba wifi akague, yeye ndiye mjuzi."

Mwalimu akafunika uso kwa viganja. Alipoinuka aliuandikia mfuko kila kitu bila kujitetea, kisha, kabla hata hajajibiwa, akaenda zahanati.

Wifi alikuwa nyuma ya dirisha la dawa, akihesabu vidonge kwenye sinia. Mwalimu akamweleza. Mkono wa wifi ukasimama.

"Siku ile ulijua niko wapi?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa na muda?"

"Nilikuwa nao, wifi. Nisamehe."

Wifi hakupandisha sauti. Alivirudisha vidonge vyote, akaanza kuhesabu upya. "Mama nilishamwambia jina langu limo," akasema. "Utakwenda kumwambia wewe."

Akaenda jioni ile ile. Mama mkwe, akiwa amelala kitandani, alimsikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani.

Mfuko nao ulifuta kibali, ukawaruhusu kuomba upya awamu inayofuata. Waliomba. Wifi alizisoma kurasa zote kumi na nne akiwa amesimama, yeye ambaye zamani angetia saini popote anapoonyeshwa na Mwalimu, ndipo akaomba kalamu. Ufadhili ulipatikana, na zahanati tisa sasa zinaitumia programu hiyo. Jumamosi wifi bado anakuja. Anaandika sehemu yake, anaaga vizuri, anaondoka. Mwalimu humsindikiza hadi getini, kisha hurudi peke yake kuzima kompyuta.