Gesti ya Sabra Haimo Kwenye Orodha

Sabra binti Hamisi wa Kilambo alikuwa na vyumba vinne vya kulaza wageni, choo kimoja safi, na mgeni mmoja aliyemnyima usingizi. Vyumba alivijenga kwa fedha za korosho za marehemu mumewe, mwaka ule bei ilipopanda mpaka watu wakanunua masofa yasiyopita mlangoni. Wenzake walinunua masofa, yeye akanunua matofali. Masofa yameshaliwa na mchwa, na vyumba vya Sabra bado vinalaza watu: wafanyabiashara wanaosubiri kivuko cha kwenda Msumbiji, mafundi wa minara ya simu, na watumishi wa serikali wanaotoka mikoa mingine kwa kazi za siku moja au mbili.

Mgeni mwenyewe aliitwa Jafari. Kilambo nzima ilimwita Bwana Maji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima chumvi ya visima. Huku mto Ruvuma unakokutana na bahari, maji yakijaa yanasukuma chumvi chini kwa chini, na kisima kilichokuwa kitamu mwaka jana, mwaka huu maharage yanakataa kuiva kwa maji yake. Kila baada ya miezi mitatu Jafari alikuja na kifaa chake, akapima maji yakiwa yamejaa, akapima yakiwa yamekupwa, akarudi ofisini kwao. Alikuwa Myao wa Tunduru, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mkewe alikuwa amefariki zamani na watoto wake walikuwa na miji yao. Kwa miaka sita alilala kwa Sabra usiku wa kwanza na wa pili, na asubuhi ya tatu alilipa, akaaga, akapanda bodaboda mpaka penye mabasi. Sabra alizoea kumtania kwamba serikali inajua kumleta mtu kwa gari lakini mafuta ya kumrudisha haina. Jafari alicheka tu.

Tusizungukezunguke: Sabra alimpenda. Hakuna aliyemwambia ampende, wala Jafari mwenyewe hakumpa sababu unayoweza kuinyooshea kidole. Hata siku moja hakuvuka mpaka wa heshima, na angeuvuka, Kilambo ingejua kabla hajarudisha mguu. Jioni walikaa uani, yeye kwenye benchi, Sabra kwenye kigoda anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, wakazungumza habari za nani kaoa, nani kafa, kisima cha nani kimegeuka. Ndiyo hayo tu. Lakini mwanamke aliyekaa miaka mingi akila peke yake anajua thamani ya mtu wa kumuuliza siku imekwendaje, kisha akangoja jibu. Jafari akishaondoka, Sabra alifua mashuka ya vyumba vyote siku ileile, isipokuwa ya chumba kile. Hayo aliyafua mwisho, na hakuwa na haraka nayo.

Aliyemtia mdudu moyoni ni dada yake, Mwajuma, aliyekuwa akipika chakula cha wageni pale gesti. Mwajuma ameolewa mara tatu, akaachika mara tatu, na kwa ajili hiyo anajihesabu bingwa wa wanaume. Alimweleza mdogo wake kwamba watumishi wakisafiri wanapewa posho ya kulala, na posho ni ileile, ulale penye marumaru au ulale bandani. Mtu mwenye akili analala pa bei nafuu, kinachobaki kinaingia mfukoni. Bwana Maji wako hakupendi wewe, alisema, anapenda bei yako. Sabra alicheka kama anayesikia upuuzi, akaendelea kukuna nazi. Ila tangu siku ile, kila Jafari alipomwekea noti mkononi, alijikuta akizitazama kama zingeweza kusema zimebaki nyingine ngapi mfukoni.

Kisha utaratibu ukabadilika. Jafari mwenyewe ndiye aliyemweleza, jioni moja, akiwa ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Ofisini kwao wakubwa walichoka na posho za mkononi na vurugu la risiti. Kwanza walitaka kila mtumishi apewe kadi ya benki ya kulipia safari. Dereva wao, Paulo, akanyoosha mkono kwenye kikao akauliza hiyo kadi akifika Kilambo ataichomeka wapi, kwenye mkorosho? Watu wakacheka, wakubwa nao wakacheka, na kadi zikafia palepale. Ndipo wakaamua ofisi imlipe mwenye gesti moja kwa moja kwa simu, kwenye lipa namba yake, kabla mtumishi hajaanza safari. Gesti zinazotaka zitaandikishwa kwenye orodha. Mtumishi atachagua humo anapopenda, na hata hoteli za Shangani, Mtwara mjini, zinazotazama bahari zitakuwamo, maana kwa gari ni mwendo wa kwenda na kurudi. Atakayelala nje ya orodha, atajilipia.

Alipomaliza akazungusha kikombe, akasema, "Watakupigia."

Sasa hapo ndipo Sabra alipofanya kosa, na nasema kosa kwa kuwa nampenda, si kwa kumlaumu. Mtu mwingine angeandikisha vyumba vyake, akafurahi kulipwa kabla ya mgeni kufika. Yeye alilala macho wazi akipiga hesabu ya namna nyingine. Nikiwamo kwenye orodha, aliwaza, naye akaja, nitajuaje kama amenifuata mimi au amefuata ukaribu wa visima? Lakini nisipokuwamo, halafu aje, atoe mfukoni mwake na kitanda cha bure kinamngoja Shangani, hapo nitakuwa nimejua. Mapenzi yakizidi kunyamaza hugeuka mtihani, na anayetahiniwa hana habari kwamba kengele imeshalia.

Ofisi ikapiga kweli. Alikuwa dada mmoja mwenye adabu, akajitambulisha kwa jina la Joyce, akaomba leseni, namba ya mlipakodi na lipa namba. Vyote Sabra alikuwa navyo. Lipa namba ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, wafanyabiashara wa Msumbiji waliitumia kulipa kila siku. Akasema, "Bado nafikiria, mwanangu." Joyce akapiga tena baada ya wiki, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu hakupiga.

Mwajuma alipopata habari alishika kiuno. Alidhani mdogo wake anaogopa kodi. Sabra akamwambia ukweli, kwa mara ya kwanza akautamka kwa kinywa chake, na dada mtu, pamoja na ubingwa wake wote, akaacha kubeza. Alikaa chini. Alisema, "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Kama unamtaka, mwambie."

Sabra alijibu kwamba yeye ni mwanamke, ana umri wake, hawezi kuanza yeye.

Basi watumishi wakakoma kuja. Magari ya serikali yaliyozoea kuingia kwake jioni sasa yalipita kuelekea mjini, vumbi likabaki barabarani. Vyumba viwili vilikaa tupu muda mrefu. Sabra hakujali sana. Alikuwa anangoja miezi mitatu iishe, na ilipokwisha alitandika mashuka mapya katika chumba kile, akachemsha ming'oko, akavaa kanga ambayo haivai siku za kazi. Mchana watoto wakamwambia Bwana Maji yuko kisimani msikitini. Baadaye wakamwambia amekwenda kisima cha shuleni. Jua lilipokuwa linashuka, gari likapita mbele ya gesti bila kupunguza mwendo. Jafari alikuwa kiti cha mbele, anatazama mbele.

Sabra aliingia ndani akalia. Hakulia kwa kuachwa, maana hakuwahi kuwa na mtu. Alilia kwa sababu Mwajuma alikuwa amesema kweli, na miaka sita ya jioni zile ikawa ghafla miaka sita ya bei nafuu. Ming'oko walikula watoto wa jirani.

Ungedhani baada ya hapo angemsahau. Alijaribu. Lakini hamu haina haya: inajua kabisa kwamba haitakiwi, na bado inakaa. Alijikuta akisimama uani jioni bila kazi yoyote. Mgeni akikohoa chumbani aligeuka. Alifikia kumkasirikia mtu wa watu kwa kutokuja mahali asipoalikwa.

Miezi mitatu mingine ilipopita, gari lilisimama. Sabra alikuwa anaanika mashuka. Paulo dereva alibaki kwenye usukani, na pamoja naye msichana mmoja mwenye kifaa cha kupimia chumvi mapajani. Jafari akashuka peke yake, akabisha hodi kwenye uzio ulio wazi, akangoja akaribishwe. Alikuwa amekonda kidogo. Walisalimiana, wakaulizana hali kama watu waliokutana sokoni.

Alikuwa amekuja kuaga. Amehamishiwa Tunduru, keshokutwa anaripoti. Yule msichana garini, Upendo, ndiye atakayepima visima vya huku, na leo amemwonyesha vyote.

Sabra akauliza kama wamemhamisha kwa nguvu.

"Niliomba mwenyewe," alisema Jafari. Akatazama ukuta wenye lipa namba. "Bi Sabra, jina la gesti hii nililipeleka mimi. Orodha ilipofunguliwa, la kwanza kupelekwa lilikuwa lako. Joyce akaja kuniambia umesema bado. Nikamwomba apige tena. Akaniambia umesema bado. Nikajua nimejibiwa. Mtu mzima hasubiri aambiwe mara ya tatu."

Sabra alishika kamba ya nguo. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, hili halikuwamo. Mtihani alioutunga kwa siri ulikuwa umesomwa upande wa pili kama barua ya kumfukuza. Angeweza kusema alikuwa anaogopa kodi, na ingeaminika, na gari lingeondoka. Badala yake akasema kweli.

"Sikukukataa. Nilikataa ulipiwe. Watu walisema unalala kwangu ili ubakize posho. Nikataka uje kwa fedha yako, nijue."

Jafari alimtazama kuku aliyepita katikati yao.

"Kazi ya visima ni maji kujaa na kukupwa," alisema. "Usiku mmoja. Kesho yake mchana imekwisha, na Paulo yuko hapo na gari la kunirudisha. Muulize. Ofisi haijawahi kunipa zaidi ya usiku mmoja, Sabra. Usiku wa pili ulikuwa wangu. Na ya bodaboda yangu."

Akaeleza, si kwa kulalamika, kwamba siku ile alipopita bila kusimama alilala Shangani kwenye chumba kilicholipiwa na ofisi, kina feni na dirisha la baharini, na usiku kucha hakufumba jicho. Sabra hakuwa anasikia vizuri. Alikuwa anarudi nyuma katika zile asubuhi zote za tatu, zile noti zilizowekwa mkononi mwake. Zilitoka mfuko mmoja, zikafanana, za serikali na zake. Alichokuwa anakiomba kwa kufunga milango alikuwa anapewa mkononi kila baada ya miezi mitatu, na akashukuru kama anavyomshukuru mteja.

Paulo akapiga honi, mara moja, kwa adabu. Jafari akavaa kofia. Uhamisho umesainiwa, mizigo imefungwa, na mtu wa serikali hawezi kumwambia mkubwa wake kwamba alikuwa amemwelewa vibaya mwenye gesti. Walitazamana kama watu walioshika ncha mbili za shuka na hawajui nani aanze kukunja.

"Tunduru gesti zipo?" aliuliza Sabra.

"Zipo nyingi." Alifikiri kidogo. "Lakini wewe huwezi kulala gesti. Utafikia kwa dada yangu."

Kwa watu wa huku, mwanaume akikuambia utafikia kwa dada yake, hakuna cha kufafanua zaidi. Hakumshika mkono, kwa sababu ya Upendo na Paulo na majirani walioanza kukumbuka kazi za uani. Alikwenda, akapanda, na safari hii alitazama nyuma mpaka gari likakata kona.

Siku ya nne simu ya Sabra ikaita, namba ngeni. Mwanamke mwenye sauti ya chini aliuliza kama anaongea na mwenye gesti ya Kilambo. Akasema yeye ni dada wa Jafari, kaka ameshafika, anakula kidogo tu, naye mwenyewe ameagizwa atayarishe chumba. Akauliza, "Unakuja lini, wifi?"

Sabra alitazama vyumba vyake vinne, funguo mkononi, na Mwajuma aliyesimama jikoni na mwiko akijifanya hasikilizi.

"Jumamosi," alisema. "Kwa basi la kwanza."