Mguu wa Klachi wa Mzee Efraimu

Mimi na Landrova ya mume wangu tuliingia nyumba hii ya kijijini Yakobi mwaka mmoja. Yenyewe ilinitangulia wiki mbili, na mpaka leo inajiona mkubwa. Nilipolalamika kwamba gari limejengewa banda la bati huku jiko langu linavuja, Efraimu alinijibu, "Jiko halipandi mlima." Tangu siku hiyo naiita mke mwenzangu. Watu wa kanisani hucheka, wakidhani natania.

Kwa miaka zaidi ya thelathini gari hilo limebeba viazi kutoka Mdandu hadi Makambako, likarudi na chumvi, mabati, hata maharusi. Mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Usukani unataka mabega, klachi inataka paja la mwanaume aliyekula ugali. Efraimu huliegesha likitazama mteremko, maana asubuhi za baridi ya Juni haliwaki mpaka lisukumwe.

Mwaka jana mwezi wa nane akapigwa na kiharusi. Mkono ulirudi, ulimi ulirudi na ukali wake wote, ila mguu wa kushoto ukagoma. Muuguzi alimpa zoezi la kukanyaga tofali mara hamsini kila siku. Akakataa.

"Nikanyage tofali, nifike wapi?"

Akawa mtu wa barazani, mkongojo mkononi, macho kwenye banda. Siku moja nilimsikia akimwambia mchungaji kwamba dereva asiyeendesha ni gunia tu, linasubiri kupakiwa. Nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Pasaka hii binti yetu Jasmine, anayefanya kazi Makambako, alikuja na Paso yake nyekundu, gari dogo lisilo na sauti.

"Kamwene, Baba."

"Kamwene, mwanangu. Naona umekuja na kiatu kimoja. Kingine umekiacha wapi?"

Jasmine hakununa. Alimweleza kwamba gari lile halina klachi, gia zinabadilika zenyewe, mguu wa kulia unatosha. Daktari ameruhusu ajaribu, mradi iwe uwanjani.

"Gari la mguu mmoja!" Efraimu akaguna. Lakini alikuwa ameshavua kofia, na mimi namjua, hiyo kofia haivuliwi bure.

Tukaenda uwanja wa mpira, mimi nyuma, magoti yangu yakigusa kidevu. Kabla Efraimu, sasa kwenye usukani, hajafunga mkanda gari likaanza kupiga kelele. "Linanigombeza kama mwalimu mkuu," akasema, akafunga. Kisha akaliondoa taratibu. Mzunguko wa kwanza alikuwa amekaza taya. Wa pili alianza kupiga mluzi, nami nikamshukuru Mungu kwa hicho kiatu chekundu.

Mzunguko wa tatu akanogewa, akakanyaga mafuta. Injini ikapandisha sauti, ile sauti inayoomba gia. Mkono wake wa kushoto ukaruka kwenda kwenye gia, na papo hapo gari likasimama ghafla, paji langu la uso likagonga kiti cha mbele.

"Baba! Umekanyaga breki!"

"Nimekanyaga klachi."

"Klachi haipo, Baba."

"Najua haipo!"

Jasmine aliinama akatazama chini, nami nikachungulia katikati ya viti. Mguu wa kulia ulikuwa umekaa pembeni. Juu ya breki, ukitetemeka, ulikuwapo ule wa kushoto. Breki ya gari lile ni laini, imekubali hata nguvu zile kidogo.

"Baba, umekanyaga kwa mguu upi?" Jasmine aliuliza polepole.

Efraimu alianza kulia, na safari hii mimi sikuwa na moshi wa kusingizia.

Tofali bado hakanyagi, mbishi ni mbishi. Lakini kila asubuhi baada ya uji hujikokota hadi bandani, nami humsukuma kwa nyuma mpaka apande Landrova. Injini ikiwa imezimwa, anakanyaga klachi mara hamsini, akihesabu kwa Kibena. Jumamosi Jasmine huja na Paso, wanakwenda uwanjani, na siku hizi hasemi tena habari za kiatu.

Klachi ya Landrova haina huruma. Wiki za kwanza haikutikisika. Jana ilishuka nusu, na Efraimu akapiga kelele majirani wakadhani kuna moto. Nilikuwa nimesimama mbele ya gari. Niliweka kiganja kwenye boneti ya mke mwenzangu, bati lake baridi kama maji ya mtoni, nikamwambia, "Asante, dada."