Zamu ya Hilary

Tangu amzike mkewe, Hilary, ambaye alikuwa mwenzetu wa kazi, Alec alikuwa akija ofisini mwili tu. Ukimsalimia anaitikia, ukimpa chai anakunywa, basi. Na usinione mbaya: mimi, niliyekaa naye meza moja miaka tisa hapa Cambridge, nilishachoka kumwonea huruma.

Mwezi wa kumi mvua ilimwagika, na pampu za kutoa maji mashambani, zinazoendeshwa na programu yetu, zikazima zenyewe. Viazi vya watu vikaoza majini. Mkuu wetu hakutafuta mchawi mbali: Denzil, mwenzetu wa meza ya pili, ndiye aliyeigusa programu mara ya mwisho. Akaambiwa, isipopatikana sababu nyingine kufikia Ijumaa, afungashe virago. Denzil ana watoto watatu na mdomo mchafu, lakini siku ile hata kutukana alishindwa.

Bahati nzuri, kompyuta ya pampu hurekodi kila hatua inayopita. Alec akapewa kazi ya kuirudisha nyuma, hatua moja moja, toka pale ilipozima mpaka pale namba ya kina cha maji ilipoharibika kwanza. Siku mbili anarudi nyuma tu. Alhamisi akafika kwenye mistari ya programu aliyoiandika Denzil, akaikuta safi. Namba ilifika hapo ikiwa mbovu tayari. Akazidi kurudi. Mara nikaona mkono wake umesimama.

Nikasogea. Mstari ulikuwa wa miaka sita iliyopita, na juu yake mwandishi aliacha ujumbe: "Alec, nikumbushe kurekebisha hapa. Hilary."

"Ulimkumbusha?" nikauliza. Mdomo wangu huu!

"Hapana."

Nikamwambia aufunge ukurasa ule anyamaze, nani atajua, Denzil atapata kazi kwingine. Naona haya kuyasema leo. Alec akaandika ripoti, jina la mkewe akalitia, la kwake likafuata, akaituma kwa mkuu. Uso mkavu. Denzil akabaki kazini.

Kwetu, aliyeharibu programu hununua keki kesho yake, na hakuna anayesamehewa. Ijumaa Alec akaja na mbili. Ya chokoleti akaiweka mezani kwetu, akasema ni yake. Ya limau, ile Hilary aliyokuwa akinunua kila akikosea, akampelekea Denzil.

"Hii ni ya Hilary," akamwambia. "Zamu yake."

Denzil akakata vipande, akatugawia, tukala tumesimama. Alec akatafuna taratibu mpaka akamaliza, kisha akaniuliza kama limau inasikika, maana yeye hasikii ladha yoyote.