Ndiyo ya Mama wa Kolo

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya kiangazi, enzi za Mwingereza, nilipokuwa nesi kijana katika hospitali moja hapa Dodoma. Alikuja mama wa Kirangi kutoka Kolo, kule Kondoa, amebeba mtoto anayekohoa hadi mbavu zinahesabika. Daktari alimpa chupa mbili: moja ya kunywa, nyingine ya kuchua kifua. Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha shule, mbio mbio, maana foleni ilikuwa ndefu.

"Hii ya kunywa, hii ya kuchua. Umeelewa?"

"Ndiyo."

Asubuhi yake alirudi anakimbia kutoka alikolala mjini, mtoto amelegea, mdomo unanuka dawa ya kuchua. Alikuwa amemnywesha. Badala ya kumpokea mtoto, nikamfokea mama mbele za watu. "Si ulisema umeelewa?"

Naye, machozi yakimtiririka, akajibu, "Ndiyo."

Mama Zubeda, mfuaji wetu wa mashuka, mwenyeji wa Kondoa, aliweka beseni chini. "Binti, huyu hajui Kiswahili. Anakuitikia kwa adabu tu. Mkimbize mtoto kwa daktari, mimi nimwulize mama yake."

Akamwuliza kwa Kirangi: kiasi gani, na saa ngapi? Vijiko viwili, alfajiri ile. Daktari akajua la kufanya. Wazee husema majuto ni mjukuu. Mimi yalinijia palepale, nimeshika ule mguu mdogo, wa baridi.

Siku ya tatu mtoto alilia akitaka uji. Nikamwomba mama radhi, Mama Zubeda akinifasiria. Alinishika mkono. Walipokaribia kuondoka nilimpa chupa ya kuchua, nikamwomba anionyeshe. Akamimina kiganjani, akamchua mwanawe kifua taratibu, kisha akanitazama.

Basi, mwanangu, unapoanza kazi hii, jua kuwa mgonjwa asiyejua lugha yako si mjinga. Ni mgeni mlangoni kwako, tena mwenye hofu. Mtafutie wa kumsemea, hata kama ni mfuaji wa mashuka. Kuuliza si ujinga. Usiridhike na ndiyo, mwombe akuonyeshe. Na ukikosea, kosa lako usimtwike yeye.

Mungu akupe sikio lenye subira na mkono mwepesi. Kila mtoto atakayeletwa kwako amebebwa, ajaliwe kuondoka kwa miguu yake.