Ngano Iliyosimuliwa Mchana

Mpaka leo, nikinusa majani ya mkonge yaliyosagwa, ile harufu yake ya uchachu, huondoka hapo upesi. Wajukuu husema bibi anadeka. Waache waseme, hawakukulia kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba enzi za Mwingereza.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ngano tuliyoipenda kupita zote. Ilihusu Zimwi la Meno ya Chuma, lililotafuna majani mabichi kutwa na kutema nyuzi nyeupe, mpaka siku moja likamvuta binti aliyeitwa Mwanaidi, mkono kwanza. Kila jioni tuliidai. Bibi akisema "Paukwa!" tunapaza sauti, "Pakawa!" na akifika kwenye mkono tunacheka hadi machozi. Mchana hakuisimulia kamwe. Anayesimulia ngano mchana huota mkia, alituonya, nami niliamini kabisa.

Basi asubuhi moja akaja Mzungu mkusanya hadithi, na madaftari mawili: jekundu la ngano, jeusi la mambo yaliyotokea kweli. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaomba asimuliwe. Nikadakia, "Bibi, ile ya Zimwi!" Mzungu akafungua daftari jekundu. Hapo nikakumbuka kuwa jua limeshapanda, nikaanza kuuogopa huo mkia wa Bibi.

Bibi alinigeukia. Kisha akaanza, bila Paukwa.

"Mwanaidi ni binti yangu wa kwanza. Alikuwa analisha majani kwenye korona, ile mashine ya kusaga mkonge. Alikuwa na umri wako huu, mjukuu wangu."

Nilitaka kuziba masikio. Yule tuliyemcheka kila jioni alikuwa mama yangu mkubwa!

Mzungu, kalamu mkononi, aliuliza, "Na hilo Zimwi, bibi, lilitoka wapi?"

"Bwana," Bibi akasema taratibu, "ngano haisimuliwi mchana."

Mzungu akafunga daftari jekundu, akafungua jeusi, akaomba atajiwe jina tena. Bibi akalitaja lote, Mwanaidi binti Salumu, mara mbili, asije akakosea.

Kwa nini alitusimulia ngano ile nilielewa nilipokuwa mama mwenyewe, nikazika mtoto. Jina la mtoto aliyekufa watu hawataki kulisikia. Ukilitaja wanakwambia nyamaza, usijitoneshe. Bibi alikuwa amepata watoto waliomwomba alitaje kila jioni, na kwa ajili hiyo alivumilia kicheko chetu.